Pembe Zilizopita Tabora: Mpagazi Aliyeanguka na Saa, na Kosa la Sekunde 80

Leo hakuna staa wa Bongo Fleva hapa, wala hakuna ndoa iliyovunjika. Leo kuna mpagazi mmoja. Hana sanamu, hana mtaa uliopewa jina lake, na kwenye ramani yoyote ile hayupo. Lakini aliteleza siku moja, na ule mtelezo wake ukaingia kwenye ramani ya Afrika.

Ilikuwa mwanzoni mwa 1867, masika yamekolea, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Msafara wa David Livingstone ulikuwa unapita kwenye tope. Aliyebebeshwa kronomita, zile saa za kazi maalumu za wasafiri, akaanguka nazo. Saa hazikusimama. Ziliendelea kwenda tiki tiki kama kawaida, ila kuanzia hapo zikawa zinadanganya kidogo.

Uongo wenyewe ulikuja kujulikana baadaye: kama dakika 20 za longitudo. Ukisikia dakika 20 unaweza kudhani ni muda wa kusubiri daladala. Hapana. Hizi ni dakika za pembe, na ukizishusha ardhini zinakuwa kama kilomita 36. Mtu anafikiri ziwa liko hapa, kumbe liko mwendo wa siku mbili upande wa pili.

Ili kuelewa pembe ndogo hivyo inawezaje kumpeleka mtu mbali hivyo, inabidi kwenda Tabora.

MJI WA PEMBE

Miaka hiyo Tabora iliitwa Kaze na wengine, na nchi yake ilikuwa Unyanyembe. Ndiyo ilikuwa njia panda ya bara. Kutoka Bagamoyo msafara ulipanda mpaka hapo, kisha ukachagua: magharibi kwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, au kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wafanyabiashara wa Kiarabu kutoka Oman na Zanzibar walijenga matembe yao pale, Waswahili wa pwani wakaweka kambi, na Wanyamwezi wakawa ndio mabingwa wa kubeba. Mzigo mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee, begani, siku nzima, miezi mitatu au zaidi. Njia hiyohiyo ilipitisha watu waliotekwa, wakiwa minyororoni. Hilo halifichwi.

Bidhaa kubwa ilikuwa pembe za ndovu. Halafu katikati ya karne ya 19 wakaanza kupita wageni wanaotafuta pembe za aina nyingine: pembe kati ya nyota na upeo wa macho. Kiswahili kinatumia neno lilelile kwa zote mbili. Mpagazi aliyebeba meno ya ndovu kushuka pwani, safari ya pili angeweza kupandisha bara sanduku la kupimia pembe.

Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kaze tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Burton alihesabu wametembea si chini ya maili 600, yaani kama kilomita 965. Sasa chukua ramani ya leo uchore mstari ulionyooka kutoka Bagamoyo mpaka Tabora: unapata karibu kilomita 690. Hizo zaidi ya kilomita 270 za ziada ni milima, mito, maji ya kunywa, na machifu wa kulipwa hongo njiani. Kwa hiyo huwezi kuchora ramani kwa kuhesabu hatua. Miguu inajua umechoka kiasi gani, haijui uko wapi.

Kujua uko wapi kulitaka kuangalia juu.

NYUZI 360 ZIMETOKA WAPI?

Duara zima lina nyuzi 360. Shuleni mwalimu aliandika ubaoni, ukakariri, mkasonga mbele. Ila hakuna kitu ndani ya duara kinachosema 360. Hiyo ni hesabu ya watu wa Babeli ya kale, waliokuwa wakihesabu kwa mafungu ya 60. Wanajimu wa Kigiriki wakairithi, wataalamu wa Kiislamu wakaiendeleza, ikasambaa dunia nzima. 360 inagawanyika kirahisi kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9, 10 na 12, basi ikakaa.

Uzi mmoja ukagawanywa mara 60, ukatoa dakika. Neno hili dakika lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya mwanzo ni kitu kidogo sana, chembamba. Ndiyo maana Kiswahili kina dakika ya saa na dakika ya pembe. Ni ndugu hao, ila si mapacha, na tofauti yao ndiyo itakayoleta balaa mbele.

Na usidhani pembe zililetwa Tabora na Wazungu. Kila mfanyabiashara Mwislamu aliyetandika mswala wake Unyanyembe alihitaji kujua kibla. Kutoka Tabora, Makka iko kama nyuzi 14 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Hiyo ni pembe, tena ya kutumika mara tano kwa siku. Kirangozi aliyetangulia mbele ya msafara naye alikuwa anasoma jua na nyota. Tofauti ni kwamba hawa hawakuandika namba zao kwenye karatasi ya kupeleka London.

ZEBAKI USIKU

Kipimo cha wageni kiliitwa sekstanti: kioo, darubini ndogo na tao lenye mistari ya nyuzi. Baharini ni rahisi, unapima pembe kati ya nyota na pale bahari inapokutana na mbingu. Bara kuna miti na vilima, mstari huo haupo. Kwa hiyo walimwaga zebaki kwenye sahani, ikatulia kama kioo, wakapima pembe kati ya nyota ya juu na kivuli chake ndani ya zebaki. Jibu linakuja mara mbili ya urefu wa nyota, unaligawa kwa mbili.

Hapo Tabora kuna mtego. Mji uko nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta. Mwezi Machi, siku jua linapokaa juu ya Ikweta, saa sita mchana linakuwa karibu utosini: nyuzi 85 kutoka ardhini. Mara mbili yake ni 170, na sekstanti ya kawaida inaishia karibu 120. Haiwezi. Ndiyo maana vipimo vingi vilisubiri usiku, nyota za chini chini. Kambi imelala, wapagazi wamejinyoosha kando ya moto, mtu mmoja ana taa na sahani ya zebaki ambayo mwingine aliibeba kutwa nzima.

Kwa njia hiyo unapata latitudo, yaani uko kusini au kaskazini kiasi gani. Hiyo ilikuwa nusu rahisi. Longitudo, mashariki na magharibi, ilitaka saa.

DAKIKA YA SAA NA DAKIKA YA PEMBE

Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24. Gawanya: nyuzi 15 kwa saa moja. Uzi mmoja ni dakika 4 za saa. Kwa hiyo ukiwa na saa inayokuambia sasa hivi Greenwich ni saa ngapi, na nyota zikakuambia hapa ulipo ni saa ngapi, tofauti yake ndiyo longitudo yako. Safi kabisa.

Shida ni pale saa inapokosea. Dakika moja ya saa ni dakika 15 za pembe. Zigeuze dakika 20 za Livingstone ziwe muda: ni sekunde 80. Basi. Muda wa kupanga foleni ya maji, mtu mmoja mbele yako. Sekunde 80 kwenye saa, kilomita 36 kwenye nchi.

Na hakukuwa na fundi wa saa porini. Angeweza kujisahihisha kwa kupima umbali wa mwezi na nyota, ila ni hesabu ndefu, yenye makosa yake, kwa mtu mwenye homa, chini ya mbingu ya mawingu.

KWIHARA, AGOSTI 1872

Miaka ikapita. Livingstone alilifika Ziwa Bangweulu mwaka 1868, akapanda mpaka Ujiji, Henry Morton Stanley akamkuta huko mwishoni mwa 1871. Mwanzoni mwa 1872 wote wawili walikuja kukaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho. Machi Stanley akaondoka kurudi pwani. Mzee akabaki anasubiri wapagazi aliotumiwa kutoka pwani. Wakafika, zaidi ya 50, na tarehe 25 Agosti 1872 wakatoka Kwihara.

Walielekea Bangweulu. Livingstone aliamini chanzo cha Nile kiko huko, na alikuwa anategemea vipimo vyake mwenyewe vya nyuma. Walilifikia eneo hilo katikati ya mvua. Bangweulu si ziwa la kwenye kadi ya posta, lenye ukingo wa mchanga. Ni maji, matete, kinamasi, na maji tena, na ukingo unahama kila msimu. Nchi haikufanana na namba. Walizunguka wiki kwa wiki, wapagazi maji yakiwafika kifuani, wakimbeba mgonjwa wao mabegani kwa zamu.

Wanahistoria wanakitaja kile kipimo cha longitudo kilichopotoka kuwa mojawapo ya sababu za kupotea huko. Mojawapo tu. Kulikuwa na mvua, ugonjwa wa kuhara damu, na ubishi wa mzee ambaye hakutaka kurudi nyuma. Lakini wapagazi hawakuwa na ramani ya kubishana nayo. Namba ilikosea kwenye daftari la mtu mmoja, na miguu ya watu zaidi ya 50 ndiyo iliyolipa.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo.

WIKI TANO BAADAYE, BELFAST

Sasa sikia hii. Wenzake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake palepale, wakaukausha mwili, wakaanza safari ya kuurudisha pwani. Zaidi ya kilomita 1,600 kwa miguu.

Mwezi mmoja na siku chache tangu kifo hicho, tarehe 5 Juni 1873, wanafunzi wa Queen's College mjini Belfast waliwekewa karatasi ya mtihani iliyotungwa na James Thomson, kaka wa yule mwanasayansi aliyekuja kuitwa Lord Kelvin. Ndani yake kulikuwa na neno ambalo halijawahi kuonekana kwenye maandishi ya kuchapwa: rediani. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani, Mwingereza Roger Cotes alishalieleza mwaka 1714. Jina ndilo lilikuwa jipya.

Hawa wa Belfast na wale wa Chitambo hawakujuana. Lakini kile kipimo kipya kilikuwa kinajibu swali ambalo wapagazi walikuwa wanalijibu kwa miguu: pembe hii, ardhini ni mwendo gani?

Chukua ungo. Pima uzi kutoka katikati ya ungo mpaka ukingoni, ukate. Huo urefu ndio nusu kipenyo. Sasa ulaze uzi huohuo kwenye ukingo, ukifuata mviringo. Kutoka ncha moja ya uzi mpaka nyingine, ile pembe inayofunguka katikati ya ungo ndiyo rediani moja. Ni kama nyuzi 57.3. Endelea kulaza uzi kuzunguka ungo wote: unaingia mara sita na kipande, 6.28, yaani mara mbili ya pai. Hakuna Babeli hapo, hakuna 360 ya kukariri. Ungo umejipima kwa uzi wake wenyewe. Ungo mdogo, ungo mkubwa, jibu ni lilelile.

Na hapo ndipo utamu ulipo. Pembe ikiwa kwenye rediani, kupata mwendo unazidisha tu kwa nusu kipenyo. Nusu kipenyo cha dunia ni karibu kilomita 6,371. Tabora iko nyuzi 5.02 kusini; gawa kwa 57.3, unapata rediani 0.0876, zidisha kwa 6,371: kilomita 558. Huo ndio umbali kutoka Tabora mpaka Ikweta, bila kuvaa hata kandambili.

Fanya hivyohivyo kwa kosa la saa. Dakika 20 ni theluthi ya uzi, rediani 0.0058. Zidisha kwa 6,371: kilomita 37. Kule Bangweulu duara la dunia la mashariki-magharibi limepungua kidogo kwa sababu uko mbali na Ikweta, inashuka mpaka 36. Namba 0.0058 kwenye karatasi inaonekana kama uchafu wa kupuliza. Kwenye kinamasi ni siku mbili za kubeba mgonjwa.

Yaani digrii inakuambia umegeuka kiasi gani. Rediani inakuambia mtu atatembea kiasi gani. Zote ni za kweli, zote zinahitajika. Anayechonga mlango au kuelekeza dishi la king'amuzi atumie digrii, hakuna ubaya. Anayetaka kujua pembe itagharimu nini kwenye njia, aiulize rediani.

VIFAA VINABAKI, WATU WANAENDELEA

Oktoba 1873 waliobeba mwili walifika Unyanyembe. Walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la wanamaji la Uingereza, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Amechelewa. Cameron akawashauri wamzike hapohapo Tabora. Wakakataa kata kata. Kisha Cameron akafungua mizigo ya marehemu na kuchukua vifaa vya kupimia, akaendelea navyo magharibi. Mnamo Novemba 1875 alitokeza pwani ya Atlantiki, huku akiwa amepima njia nzima.

Ebu liangalie hilo vizuri. Vifaa vya kupima pembe vilivyochukuliwa Tabora vilivuka bara, na jina la aliyevitumia lipo kwenye vitabu. Walioendelea na mwili walifika Bagamoyo Februari 1874, na Aprili ukazikwa Westminster Abbey. Wengi wao malipo yao yaliishia pwani. Majina kama Susi na Chuma yamebaki. Mengi zaidi yamepotea.

Tanganyika ya magharibi haikuachwa hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wapima ardhi wakiongozwa na Martin Hotine walipanda vilima vya upande wa Ziwa Tanganyika, wakipima ule mnyororo mrefu wa pembetatu unaofuata longitudo ya 30, sehemu ya mstari uliokusudiwa kuunganisha Rasi ya Tumaini Jema na Misri. Safari hii wakitafuta usahihi wa sekunde ya pembe, yaani uzi mmoja uliogawanywa mara 3,600. Kilima kikiwa kilomita 50 mbele yako, sekunde moja ni kama sentimita 24. Kutoka kosa la kilomita 36 mpaka kosa la chini ya rula ya mwanafunzi. Na theodolaiti zile hazikupanda vilimani zenyewe. Mabega yalikuwa ya watu walewale wasioandikwa.

MFUKONI MWAKO

Leo msafara wote huo uko kwenye simu. Bonyeza Tabora kwenye ramani, utaona latitudo na longitudo zimeandikwa kwa nyuzi, urithi wa Babeli. Lakini programu inapokuambia bodaboda wako yuko mita 300, ndani kwa ndani imezigeuza nyuzi ziwe rediani kwanza, kwa sababu lugha nyingi za kompyuta zinapoulizwa sine ya kitu zinasubiri rediani. Kijana anayejifunza kuandika programu akisahau mstari huo mmoja wa kugeuza, abiria wa Kachoma anaweza kuonekana yuko nchi nyingine.

Jaribu mwenyewe. Kikokotoo kikiwa kwenye digrii, sine ya 30 ni 0.5, nusu kamili. Kibadilishe kiwe rediani, uliza tena sine ya 30: inakuja karibu -0.988. Mashine haijaharibika. Imejibu swali jingine, kwa utulivu uleule, bila kukuonya. Kama zile kronomita, ambazo baada ya kuanguka ziliendelea kwenda tiki tiki.

Ndiyo maana mwalimu wa hesabu anapiga kelele darasani: angalia kikokotoo chako kiko kwenye nini! Wanafunzi wanaona anawasumbua. Kumbe anawakumbusha jambo ambalo njia ya Tabora ililijua kwa maumivu: namba haina aibu ya kukosea, na anayeiandika mara nyingi siye anayeitembea.

Yule mpagazi wa 1867 alilaumiwa au alisamehewa? Aliteleza kama mtu yeyote angeteleza, kwenye tope, na mzigo begani. Swali la kujadili hapo chini ni hili: kati ya aliyeanguka na saa, na aliyeendelea kuiamini bila kuwasikiliza waliokuwa wanaijua njia, nani hasa alipoteza msafara?